Mawakala wanne, jina moja: matatizo ya kuomba kazi kupitia mawakala wengi na namna ya kuyatatua

Anayemlipa wakala wa ajira ni mwajiri. Mara nyingi hulipwa pale tu mtu wake anapoajiriwa, kwa asilimia fulani ya mshahara wa mwaka au kwa mshahara wa mwezi mmoja na zaidi, kutegemea walivyokubaliana. Mtu wake asipochukuliwa, wakala hapati kitu. Ndiyo maana anakimbia ili jina lako limfikie mwajiri kabla mwenzake hajalipeleka. Hakuna ubaya katika hilo, ni biashara yake. Ila ukijisajili kwa mawakala wanne Dar es Salaam au Nairobi, una watu wanne wanaokimbia na jina moja, na hakuna kati yao anayejua wengine wamefika wapi. Wa kujua ni wewe peke yako.

Mimi nimekaa upande wa pili wa meza, kwenye ofisi ya rasilimali watu, ambako CV hizo huishia. Matatizo yafuatayo nimeyapa majina kwa namna waombaji wanavyoyalalamikia. Tafuta linalokuhusu.

"Mwajiri anasema jina langu alishaletewa"

Wakala alikuchangamkia Jumatatu, akataka CV haraka. Kufika Alhamisi amepoa. Ukimbana anakwambia mteja "anakufahamu tayari", au anasema kwa kifupi kwamba mwajiri hakuendelea na wewe.

Kilichotokea ofisini kwa mwajiri mara nyingi ni hiki: jina lako limeingia kupitia milango miwili. Mikataba mingi kati ya mwajiri na mawakala inasema aliyetangulia kuleta jina ndiye mwenye haki ya malipo, na haki hiyo hudumu miezi 6, mingine hata 12. Kwa hiyo afisa anafungua barua pepe mbili na kulinganisha saa. Kama mmoja katangulia kwa siku tatu, jambo limekwisha. Kama wamepishana kwa saa mbili, au wa pili anadai yeye ndiye aliyezungumza na wewe kwanza, yanaanza majibizano. Mwajiri mwenye waombaji wengine watano wazuri hana sababu ya kuingia kwenye ugomvi wa ankara. Faili lako linawekwa pembeni. Wewe hujakosea lolote kwenye sifa wala uzoefu, ila umekuja na deni lenye wadai wawili.

Kuna sura nyingine ya tatizo hilohilo: uliomba mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni mwezi Machi, ukasahau, halafu Mei wakala akakupeleka palepale. Hapo mwajiri haoni kwa nini alipe, na wakala anakuona umemchezea.

Ili kujua chanzo, jiulize mambo matatu. Je, tangazo lilificha jina la mwajiri? Matangazo ya mawakala huandika "mteja wetu, kampuni kubwa ya usambazaji wa vinywaji", nawe unaomba mara mbili bila kujua. Je, ulimwambia wakala yeyote "nitume popote panapofaa"? Kauli hiyo ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote, maana umempa ruhusa ya kukupeleka hata ulikokwenda mwenyewe. Au wakala alituma bila kukuuliza kabisa, kwa kuwa CV yako aliikuta kwenye mafaili yake ya mwaka juzi?

Dawa ya kuzuia ni moja: hakuna CV inayotoka kabla hujajua inakwenda kwa nani. Mawakala wengine watasita kutaja, wakihofia utawazunguka na kwenda moja kwa moja kwa mwajiri. Waondolee hofu hiyo kwa maandishi. Ujumbe kama huu wa WhatsApp au barua pepe unatosha:

"Habari za leo, dada. Nashukuru kwa kunifikiria kwa nafasi ya Afisa Ununuzi. Kabla hujatuma CV yangu, naomba unitajie jina la mwajiri ili nihakikishe sijapelekwa huko na mtu mwingine. Sitawasiliana naye mwenyewe. Nikishakujibu 'endelea', utakuwa umepata ruhusa yangu kwa nafasi hii tu. Kwa nafasi nyingine tutazungumza upya."

Wakala makini anaupenda ujumbe huo, kwa sababu siku wakigombana na mwenzake anao ushahidi. Akikataa katakata kutaja jina, muulize nafasi iko mji gani, inaripoti kwa nani, ni nafasi mpya au kuna mtu ameondoka, na tarehe ya mwisho ni lini. Mambo hayo manne yakilingana na nafasi uliyokwisha kuomba, ni kazi ileile. Njia nyingine: chukua sentensi moja ndefu ya majukumu kutoka kwenye tangazo, iweke ndani ya alama za nukuu, itafute Google. Mawakala wengi hunakili majukumu kama walivyopewa na mteja, kwa hiyo sentensi ileile utaikuta kwenye tangazo la wakala mwingine, pengine hata kwenye tovuti ya mwajiri mwenyewe.

Na kama yameshatokea? Usiwaachie wamalizane wenyewe. Waandikie wote wawili siku hiyohiyo ukitaja tarehe uliyompa kila mmoja ruhusa, na useme anayekuwakilisha kwa nafasi hiyo ni yule wa kwanza kuruhusiwa. Usichague unayempenda zaidi, utaonekana unapanga mchezo. Mwajiri akikuuliza, mjibu mstari mmoja wenye jina na tarehe. Nimeona faili lililokuwa limewekwa pembeni likirudi mezani kwa mstari mmoja wa namna hiyo.

"Kazi ni ileile, mishahara tofauti"

Hili huanza kimyakimya na kulipuka mwishoni. Niliwahi kuweka mezani CV mbili za mtu mmoja, zote za wiki moja. Barua ya wakala wa kwanza ilisema anataka shilingi 1,300,000 na yuko tayari kuanza baada ya mwezi. Ya pili ilisema 1,800,000 na anaweza kuanza mara moja. Mwenyekiti wa jopo akauliza: huyu mtu yupi ni wa kweli?

Wote wawili walikuwa wakweli. Wakala wa kwanza alimuuliza mwombaji anataka ngapi mkononi, wa pili alimuuliza mshahara ghafi, yaani kabla ya makato. Tufanye hesabu kwa Tanzania, kwa viwango vya kodi ya ajira vilivyoanza Julai 2021. Mshahara ghafi ni 1,800,000. Mchango wa mfanyakazi kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani 180,000, na hutolewa kabla ya kodi. Zinabaki 1,620,000. Kodi ya milioni moja ya kwanza ni 128,000, na 620,000 zilizozidi hutozwa asilimia 30, yaani 186,000. Jumla ya kodi ni 314,000. Mkononi unaondoka na 1,306,000. Kama unadaiwa na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, inakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na ikiwa msingi wako ndiyo hiyo 1,800,000 yote, zinaondoka 270,000 nyingine. Unabaki na 1,036,000. Kiasi ni kimoja, ila kinaweza kutajwa kwa namna tatu, na wakala ataandika ile aliyoisikia. Kenya ni vivyo hivyo: PAYE (kodi ya mshahara), NSSF, SHIF (bima ya afya ya jamii) ya asilimia 2.75 na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 vyote vinasimama kati ya mshahara ghafi na kinachoingia benki.

Kwa hiyo taja mshahara ghafi kila mahali, kwa mwezi, na utamke neno "ghafi". Kiasi unachompa wakala wa kwanza kwa aina ile ya kazi ndicho umpe wa pili na wa tatu. Kama kazi moja ni kubwa zaidi na unataka zaidi, sawa, lakini andika kwenye kumbukumbu zako nani uliyemwambia nini.

Notisi ya kuacha kazi nayo iwe moja. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na ile ya Ajira ya Kenya ya 2007 zote zinataka si chini ya siku 28, na mkataba wako unaweza kudai zaidi. Angalia mkataba kabla hujasema "naanza hata kesho". Jopo likisikia mtu aliye kazini anaweza kuanza kesho, linajiuliza atamfanyia hivyo nani tena.

Lakini si kila tofauti inatoka kwako. Wakati mwingine mwajiri ametoa kiwango cha kuanzia na cha mwisho, wakala mmoja akakutajia cha juu ili akuvute, mwingine cha chini ili akupitishe kirahisi. Waulize wote swali moja: mwajiri amepanga kati ya ngapi na ngapi, na ni ghafi? Anayejibu kwa kuzunguka huenda hajapewa kiwango kabisa.

"CV iliyofika si ile niliyotuma"

Usishtuke ukikuta namba yako ya simu na barua pepe vimeondolewa na nembo ya wakala imewekwa juu. Ndivyo wanavyofanya wengi, mwajiri asikupigie moja kwa moja. Tatizo ni pale "msaidizi wa mhasibu" anapogeuka "mhasibu", au pengo la miezi minane bila kazi linapojazwa. Dalili utaiona ndani ya usaili: unaulizwa kuhusu programu ya hesabu ambayo hujawahi kuigusa, na jopo zima linaangalia karatasi.

Tuma CV kwa PDF. Wakala akihitaji ya Word ili aweke nembo, mpe, lakini omba nakala ya mwisho kabla haijaondoka. Siku ya usaili nenda na nakala zako mwenyewe, moja kwa kila mjumbe, na uzigawe ukiwa unakaa. Ukikuta zinapishana, sema kwa utulivu: "Naona kuna toleo tofauti mbele yenu, hili nililoleta ndilo langu." Hakuna haja ya kumsema wakala vibaya. Jopo litaelewa lenyewe.

Wakati mwingine mwenye matoleo mengi ni wewe: la ununuzi, la ghala, la usimamizi wa ofisi. Hilo si kosa. Yape mafaili majina yenye tarehe na ukumbuke lipi limekwenda wapi.

"Napigiwa simu sikumbuki ni kazi ipi"

Uko kwenye daladala Ubungo, kelele juu, mtu anasema, "Nakupigia kuhusu ile nafasi." Ukijibu "ipi?" umejipunguzia alama. Jibu: "Ahsante kwa kunipigia. Niko barabarani, naomba nikupigie baada ya nusu saa." Kisha fungua daftari.

Daftari hilo ndilo chombo chako chote. Google Sheets kwenye simu inatosha, na hata kaunta buku la dukani linatosha. Kila mstari uwe na tarehe, wakala na jina la mtu wake, mwajiri, cheo, nilikoona tangazo, toleo la CV, mshahara niliotaja, ruhusa niliyotoa na hatua ilipofika. Wengi hujaza mwajiri na cheo wakaishia hapo. Safu ya mshahara na ya ruhusa ndizo zitakazokuokoa, kwa sababu ndizo hakuna mwingine anayekuwekea. Hifadhi pia picha ya tangazo lenyewe. Tangazo likishafungwa hutoweka mtandaoni, na usaili unaweza kuja wiki sita baadaye.

"Wakala kauchuna"

Kimya kina sababu nyingi na nyingi hazikuhusu: bajeti imesimamishwa, mwajiri kapandisha mtu wa ndani, mtu wa wakala aliyekushughulikia ameacha kazi na hakuna aliyerithi faili lake. Subiri wiki moja baada ya tarehe uliyoahidiwa, andika ujumbe mfupi wenye cheo na jina la mwajiri, subiri wiki nyingine, andika wa mwisho. Baada ya hapo weka alama ya kufungwa kwenye daftari na usiendelee kupigwa kalenda.

Kuna kimya cha aina moja cha kukitazama kwa jicho kali. Kuna wakala anayekusanya CV bila kuwa na kazi yoyote mkononi, kwa sababu anaomba zabuni na anataka kumwonyesha mwajiri kwamba ana watu. Utamjua kwa maswali asiyouliza. Mwenye nafasi ya kweli atauliza mshahara, notisi na kwa nini unataka kuondoka ulipo. Huyu anataka CV tu, leo, na ikiwezekana na picha. Huna lazima ya kumkataa, ila usimpe ruhusa ya kukupeleka kokote. Hatari yake inarudi kule tulikoanza: jina lako linaweza kufika kwa mwajiri fulani kama mapambo ya zabuni, halafu wakala mwenye kazi halisi akakuta mlango umezibwa kwa miezi sita.

"Bosi wangu amejua natafuta kazi"

Ama wakala alituma CV kwa kampuni dada ya unakofanya kazi, ama aliwapigia wadhamini wako mapema. Kwenye mji ambao watu wa sekta moja wote wanajuana, haihitaji zaidi ya hapo.

Mpe kila wakala orodha ya kampuni asizopaswa kukupeleka: mwajiri wako, kampuni dada, wateja wakubwa, na yule mshindani ambaye mkurugenzi wake anacheza gofu na bosi wako. Kwenye CV andika kwamba majina ya wadhamini yatatolewa baada ya usaili. Hilo linawaokoa na wao pia, maana mdhamini anayepigiwa na mawakala wanne kwa mwezi huanza kujibu kwa mkato, na jopo linausikia mkato huo.

Ukitaka wakala akuondoe kabisa kwenye mafaili yake, andika umwombe afute taarifa zako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Kutaja sheria hiyo kwa adabu ndani ya barua pepe huharakisha majibu. Asipojibu, malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa Tanzania, au Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa Kenya.

"Ameniomba hela"

Iwe ya fomu, ya "kuchakata faili", ya mafunzo ya lazima kabla ya usaili: ondoka. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unaweka kanuni ya jumla katika kifungu cha 7 kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi. Kenya unaweza kuangalia kama wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA. Anayekuahidi kukuingiza kwenye utumishi wa umma Tanzania ana uongo wa ziada, kwa sababu nafasi hizo hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira na maombi hupitia Ajira Portal, ambako unajisajili mwenyewe.

"Nimepata kwa mmoja, wengine bado wanaendelea"

Raha yenye matatizo yake. Wakala aliyeleta ofa atataka ukubali leo, kwa sababu ankara yake inaanza hapo. Omba barua ya ofa kwa maandishi, soma mshahara kama ni ghafi, soma muda wa majaribio, na uombe siku mbili tatu za kufikiri. Usiandike barua ya kuacha kazi kwa ahadi ya simu, hata wakala akisema "kila kitu tayari". Subiri mkataba uliosainiwa na mwajiri.

Katika siku hizo, wapigie mawakala walio kwenye hatua ya usaili na uwaambie una ofa mkononi na siku ya kujibu. Usitaje kampuni, na usibuni ofa ambayo haipo. Mwajiri wao akikutaka kweli, atasogeza usaili mbele. Asiposogeza, umeshapata jibu lako.

Ukishasaini, waandikie mawakala wengine wote siku hiyohiyo, nafasi kwa nafasi: "Nimepata kazi. Naomba jina langu liondolewe kwenye nafasi ya Afisa Ununuzi uliyonipeleka tarehe 4. Ahsante kwa msaada wako." Usipofanya hivyo, utaitwa usaili wiki ya pili ya kazi mpya, na wakala ataaibika mbele ya mteja wake kwa ajili yako.

Daftari usilifute. Zile haki za miezi 6 au 12 bado zinatembea, na kazi mpya isipokukalia vizuri ndani ya majaribio utahitaji kujua ni milango ipi bado ina jina la nani. Halafu usishangae wakala aliyekuajirisha akikupigia mwezi wa pili kuuliza unaendeleaje. Mikataba mingi inamtaka arudishe sehemu ya malipo au atafute mbadala bila malipo ukiondoka ndani ya miezi mitatu au sita, kwa hiyo kama una tatizo na mwajiri mpya, hicho ndicho kipindi ambacho simu yako itapokelewa mlio wa kwanza.